Kikapu Kando ya Mizani: Kumuaga Papa Hubert

Mheshimiwa Commissaire wa Zone, kabla sijafika kwenye salamu zenyewe, naomba samahani kwa jambo ambalo ninyi nyote mumeliona sasa hivi na mumejikaza musicheke. Mutoto wangu Bertille, ambaye meno yake mawili ya chini yametoka juzijuzi tu, alipopakatwa na Papa Hubert aliishika ile medali ambayo Mheshimiwa ametoka kuifunga kwenye koti la muzee, akaitia mudomoni, akaitafuna, akaikunjia uso, akaitema. Halafu akaishika tena. Na nilipokuja kumuchukua alikataa kuiachia, mpaka Mheshimiwa mwenyewe akasaidia kufungua vile vidole kimoja kimoja. Sikumufundisha. Lakini hata ningetafuta mwaka muzima namna ya kuanza maneno yangu ya leo, nisingepata mwanzo unaoupita huo: ameonja, ameona haiko chakula, na bado ameitaka.

Sasa naanza kama inavyofaa.

Mheshimiwa Commissaire wa Zone (nasema Mheshimiwa kwa sababu tangu mwaka huu serikali iturudishie majina ya ubatizo na kravati, ilivyotukataza zamani, sijui tena kama ni Citoyen ao Monsieur, lakini Mheshimiwa halijabadilishwa), wakubwa wa port na wa reli, Padri wetu na Muchungaji wetu, muliokubali kukaa benchi moja, Citoyen Floribert, Directeur mupya wa Biro yetu ya Mizani, ambaye Jumatatu utashika funguo, Mama na Papa wafanya biashara, ninyi wa ndakala, samaki wetu wadogo wakavu, wa mahindi na wa mawese, ambao bila ninyi tungekuwa tunapima upepo, wafanyakazi wenzangu, na wewe, Papa Hubert, mwenye siku yako: jambo kwenu nyote.

Mimi naitwa Mujinga, muke wa Urbain wa reli, na kazi yangu ni kushona midomo ya mizigo. Gunia ao kikapu kikishapimwa kinaletwa kwangu, nakishona kwa sindano ndefu na uzi wa katani, nafunga lebo, kinakwenda kwenye behewa. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primaire. Mwaka wa tano minerval, falanga ya masomo, ilikataa. Sasa munajiuliza, kwa nini wamesimamisha huyu? Tunaye Théophile, karani mwenye diploma yake, na alikuwa tayari. Lakini Papa Hubert ndiye aliyekataa. Alimuambia, "Théophile mwanangu, hotuba yako ni nzuri, nitasinzia. Miaka yote nimekaa macho, sitaki kusinzia siku ya mwisho." Kisha akanigeukia: "Useme wewe, Mama Mujinga. Wewe ukifungua kinywa unajua namna ya kukifunga, njo kazi yako."

Basi nimeandika maneno yangu nyuma ya lebo za magunia, na munaona upepo huu wa ziwa, umekwisha kuniibia moja. Mukiona nimeruka kitu, muende mukaulize samaki.

Mheshimiwa, nilitaka kuuliza jambo moja, na naliuliza kwa heshima: nini kinamuamusha mufanyakazi wa serikali asubuhi? Mushahara? Mushahara wetu munaujua. Unachelewa kama treni ya Kabalo, na ukifika, unafika umekonda. Ukiupokea asubuhi unaweza kuota gunia la mihogo. Mpaka jua lizame, umekuwa chumvi na sabuni. Muntu asije kuniambia kwamba heshima peke yake inatosha. Mutoto wangu amewaonyesha mbele ya macho yenu: medali haitafuniki. Falanga inatakiwa, na iletwe wakati wake, na hilo naliacha hapo mezani mbele yako, Mheshimiwa, karibu na soda yako, ili usilisahau.

Lakini kama ni falanga tu, mbona kuna muntu alipata falanga, akairudisha?

Nicolas, simama wakuone. Huyu ndiye mupimaji wetu. Kila mwisho wa trimestre, ile miezi mitatu, wakubwa wa Lubumbashi walikuwa wanaleta primu, ile falanga ya juu ya mushahara, kwa mufanyakazi mumoja tu, yule aliyepita wengine. Wakampa Nicolas. Kwa haki kabisa, hakuna aliyebisha. Kesho yake likaja gunia la mahindi, zito kama dhambi. Nicolas akashika masikio mawili ya gunia, akaita, "Ndugu, munishikie upande wa pili." Édouard, mubebaji wetu, alikuwa hapo hapo anakunja kamba. Hakugeuka hata kidogo. Akasema, "Ita primu yako ikushikie."

Munacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Wiki nzima Nicolas alibeba peke yake, na sisi tukawa kila muntu na gunia lake, kila muntu na mugongo wake. Ndipo Nicolas akaenda kwa Papa Hubert na ile falanga katika kitambaa. "Papa, hii inanifanya nipime peke yangu. Chukua." Na Papa Hubert akamujibu neno ambalo mimi nalishona kichwani mpaka leo. Akasema, "Falanga haina kosa. Kosa ni mulango ilioingilia."

Akaandika kwa wakubwa, na alivyowabembeleza sijui, lakini wakakubali: primu iwe ya biro nzima, ipatikane tu kama trimestre imekwisha bila muzigo kurudi na malalamiko ya kipimo. Tangu hapo, Mheshimiwa, Édouard ndiye anakimbia kumushikia Nicolas gunia, mpaka Nicolas anamufukuza: "Toka hapa, hili ni gunia la makapi, mutoto anaweza kulibeba." Falanga ile ile. Watu wale wale. Ni mulango tu uliobadilishwa.

Mama Émérence, wewe niliyekupa Bertille umushike, naona mikono yako iko mitupu. Mutoto yuko wapi? Ah, kwa Padri. Padri, uangalie rozari, leo ameamka na njaa ya vyuma.

Naendelea. Wafanya biashara munakumbuka zamani, kabla ya Papa Hubert, watu walituita Biro ya Kidole, kwa sababu kidole kimoja kikigusa mizani kwa siri, ndakala zinakuwa nzito, na mwenye ndakala anajua atoe matabishi ili kidole kiondoke. Papa Hubert alipofika hakutupigia hotuba. Hakufukuza muntu. Aliita watu wane, wakainua ile mizani, wakaigeuza, mushale wake ukatazama upande wa mwenye muzigo. Basi. Sasa kila Mama anasoma mwenyewe, na asiyejua kusoma anatazama mushale unaposimama. Tulikasirika? Wengine walikasirika, sana. Lakini baadaye mimi niliona jambo moja: wafanya biashara walianza kutusalimia njiani. Sokoni, kanisani, kwenye daraja la Lukuga. "Jambo, Mama wa mizani." Salamu hiyo haiingii katika sufuria, najua. Ila nilipokuwa nikiisikia nilikuwa natembea nimenyoosha mugongo, na mutoto niliyekuwa naye tumboni alikuwa anacheza.

Tena kuna hii ya fundo. Zamani tulishona wote mushono mumoja, kama sheria ilivyosema. Papa Hubert akaja siku moja akakaa karibu nami, akatazama mukono wangu, akauliza, "Hili fundo la mwisho ulifundishwa na nani?" Nikasema, na mama yangu, kule Ankoro, njo walivyofunga nyavu. Akasema, "Basi ufunge hilo. Kila mushonaji afunge la kwake, nijue gunia limepita mukono wa nani." Niliona ni kitu kidogo. Kumbe kilikuwa kitu kikubwa. Maana kuna mufanya biashara wa Manono, sijamuona uso, alinitumia kwa mukono wa Urbain kipande cha kitambaa cha bluu, na salamu: "Umupe yule wa fundo la wavuvi. Magunia yake hayafunguki njiani." Mheshimiwa, nimezaliwa, nimebatizwa, nimeolewa, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza muntu asiyenijua kunijua kwa kazi yangu. Siku hiyo ungeniambia nishone ziwa, ningelishona.

Meli imepiga honi, nimeisikia. Watu wa port musiinuke bado, mizigo itangoja, na mimi nimebakiza neno ambalo ndilo lililonileta hapa. Yale ya kwanza yote nilikuwa nalizunguka tu.

Nilipojifungua Bertille, nilikuja hapa kurudisha sindano. Nilikuwa nimeifunga vizuri katika kitambaa. Urbain yuko njiani siku zote na treni yake, mama yake anakaa Manono, mama yangu mimi tulimuzika. Wa kumuachia mutoto hakuna. Nikasimama mbele ya meza ya Papa Hubert, mutoto mugongoni, nikaweka sindano. Hakuigusa. Akamutazama mutoto.

"Huyu anakula nini?"

"Maziwa yangu, Papa."

"Na hayo maziwa, muchana yanakuwa wapi?"

"Yanakuwa hapa, kwenye kazi."

"Basi na yeye akae hapa."

Akaenda nyumbani kwake kwa miguu, kwenye jua lile, akarudi na kikapu cha muke wake Mama Léontine, kile cha kuanikia mihogo, akakiweka kando ya mizani, pale ambapo ukuta unakata upepo. Mama Léontine, nakuona hapo, mihogo yako ilianikwa juu ya nini tangu siku ile? Hujawahi kuniuliza. Asante.

Hakuna karatasi ya serikali iliyotoa falanga kwa kikapu kile. Lakini ninyi wamama munajua kinachofanyika wakati mutoto analia mbali na matiti yamejaa: kitambaa kinalowa, sindano inakwenda upande, na akili yako yote iko nyumbani. Mimi akili yangu ilikuwa hapa. Niliweza kushona na kumuangalia, kushona na kumuimbia. Na Adrienne, ambaye anaandika lebo zetu, na ambaye sasa kanzu yake munaiona inavyosimama mbele, amekuwa akikitazama kile kikapu kwa jicho la muntu anayengoja zamu.

Sasa, Citoyen Floribert, mukubwa wetu mupya. Naomba uniruhusu.

Ulipopita kutazama biro wiki hii, ulikiona kikapu, ukasema, "Mizani ni ya serikali, haiko nyumba ya kulelea watoto. Jumatatu nisikikute hiki." Tukakitoa. Kiko nyuma ya mulango, kimeinamishwa. Nami najua ulikuwa umesikia habari kule Lubumbashi kwamba katika biro hii ya Kalemie walimupima mutoto pamoja na ndakala. Ni kweli, walimupima. Lakini habari ile ilikufikia nusu, kama mutungi uliobebwa na mulevi. Leo nakupa nusu iliyobaki.

Ilikuwa hivi. Mama Elisabeth wa ndakala, yule pale mwenye kilemba, anafunika vikapu vyake na kitambaa cha bluu. Na mimi Bertille nilikuwa nimemufunika na kile cha Manono, bluu vilevile. Vikapu vikajaa kando ya mizani. Nicolas akachukua kimoja, akapima, akachukua kingine, akapima, na katikati yao akachukua cha mutoto wangu aliyekuwa amelala. Mushale ukasimama. Adrienne akaandika. Mama Elisabeth akalipa kodi. Édouard akaniletea kikapu nikishone mudomo, nami nikainama na sindano.

Ndakala zikapiga chafya.

Citoyen Floribert, wewe uliogopa uliposikia. Mimi niliogopa kabla yako, na sindano ilikuwa mukononi mwangu, si mwako. Kwa hiyo siwezi kusema ulikosea kuogopa. Muntu asiyeogopa habari kama ile asipewe funguo.

Lakini sikia kilichofuata. Mama Elisabeth akashika kiuno: "Haki ya Mungu, nimelipa kodi ya mutoto wa watu. Nimupeleke Kabalo nimuuze kwa kilo?" Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikawa ninalia na kumunyonyesha kwa wakati mumoja. Papa Hubert akatoka bironi. Hakumugombeza Nicolas, hakunigombeza mimi. Akamurudishia Mama Elisabeth falanga yake mbele ya watu wote, akasema, "Huyu hajafikisha umri wa kulipa kodi. Mumupunguzie Mama uzito huu." Kisha akamutuma Édouard alete rangi nyekundu, wakazungusha kikapu mustari munene, na akakihamisha kwenye upande wa pili wa mizani, ambapo hakuna muzigo unaopita, wala sindano. Tangu siku ile hakijaguswa na muntu, isipokuwa na mimi.

Na unajua wafanya biashara wanasemaje sasa, wanapogombana na mizani za mahali pengine? Mama Elisabeth, useme mwenyewe. Anasema, "Mutupeleke kwa akina Papa Hubert. Kule hata mutoto akipimwa, wanarudisha." Ile hadithi uliyoisikia kama aibu ya biro hii, Citoyen Directeur, hapa port njo jina letu zuri.

Padri naye sasa hana mutoto. Mumemupitisha kwa nani? Simuoni. Kama anatambaa chini ya meza, wakubwa muangalie viatu. Haya, namuamini Mungu na benchi la mbele.

Nimalize, maana naona na mawingu yanashuka kutoka milima ya ng'ambo. Simutishi muntu. Nani atatishwa na mushona magunia? Nasema tu ukweli ulivyo: Jumatatu kama kikapu hakipo, nitaweka tena sindano mezani, na safari hii hakutakuwa na mwenye kukataa kuigusa. Atapatikana mushonaji mwingine, wapo wengi. Sitakufa. Lakini nitapita njia ya port na mutoto mugongoni, nitaona gunia limeshonwa na fundo lisilo langu, na nitageuza uso. Na Adrienne naye atakuja kuweka kalamu yake, zamu yake ikifika. Je, hiyo ndiyo faida ya serikali? Serikali ambayo mushahara unaichelewea, je, haiwezi kutoa kwa wakati kitu ambacho bei yake haifiki hata ya sabuni: mahali pakavu kando ya ukuta?

Kama kuna hatari, utuambie, tutaisogeza. Ukitaka mistari miwili myekundu, Édouard bado ana rangi. Ukitaka kikae katika biro yako mwenyewe, kama Padri ameweza kumupakata mutoto, wewe utashindwa na nini?

Papa Hubert. Wewe sasa unakwenda kulima kwako Nyunzu, na umevaa kravati ambayo Mama Léontine aliificha miaka yote katika sanduku la nafutalini, tunaisikia harufu mpaka hapa. Tumekutafutia zawadi. Ni gunia la unga wa mahindi na ndakala juu yake, wafanya biashara wamechanga, na asubuhi limepimwa mbele ya watu, mushale ukitazama upande wako. Mudomo nimeushona mimi. Ukifika, usikate fundo kwa kisu. Ulifungue polepole kwa vidole, kama tulivyofungua vya Bertille kwenye medali, na kila uzi ukitoka ujue kuna muntu hapa port uliyemunyoosha mugongo.

Mheshimiwa, wakubwa, wazazi, wenzangu, mumenikopesha masikio yenu wakati meli inaita na mvua inakuja, nami nawarudishia mazima, pamoja na shukrani zangu, na Mungu wa mizani za haki awa...

Naam, Citoyen Directeur? Yuko kwako? Tangu saa ngapi? Amelala... samahani, naona ameikamata kravati, uivute taratibu. Ndiyo, nasikia. Kikapu? Unataka kumulaza? Kiko palepale nyuma ya mulango, kile chenye mustari mwekundu, kitambaa chake kiko ndani. Édouard, mukimbilie Citoyen Directeur umufungulie mulango. Mimi nakuja, nakuja, wasikilizaji wangu muniwie radhi. Citoyen Directeur, ukigeuze kwanza kikapu, halafu umulaze kwa ubavu, uso utazame ukutani, maana upepo ukimupiga...